Mlango wa Mkunga Waingia Ukumbini

Ufunguo ulizunguka mara mbili, mlango wa stoo ya kumbukumbu ukafunguka, na aliyeingia hakuwa mfagizi.

Alikuwa Katibu wa halmashauri mwenyewe.

Kama gazeti lako la Jumamosi iliyopita lilikwenda kufungia sabuni, usihangaike, nitakupitisha haraka. Mama Tangazo ndiye mhariri wa jarida la halmashauri, lile la karatasi moja iliyokunjwa ikawa kurasa nne, linalowaambia wakazi lini barabara itachongwa, lini daktari wa mifugo atafika na wapi maji yatakatika. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja. Siku tatu nyuma, wapima ardhi walichomeka vigingi vyekundu kando ya chemchemi ya bondeni. Watu wa bondeni walipouliza, wakajibiwa kwamba pale patakuwa jalala la taka za halmashauri nzima, kwamba tangazo lilitoka kwenye jarida, kwamba siku thelathini za kuweka pingamizi zinakwisha, na mwenye swali akamuulize mhariri.

Mhariri hakuwahi kuandika tangazo hilo. Ndiyo maana asubuhi ile aliingia stoo na nakala yake ya nyumbani, akafungua faili, akakuta Toleo la 131 lingine. Namba ile ile, tarehe ile ile, jina lake lile lile chini. Ukurasa wa nne tu ndio uliotofautiana. Kwenye nakala yake palikuwa na ratiba ya chanjo za watoto. Kwenye nakala ya faili, mahali pale pale, palikuwa na jalala.

Karatasi hizo mbili ndizo alizokuwa nazo mkononi Katibu alipoingia.

Katibu ni mtu wa sauti ndogo. Wanaomjua husema akianza kunong'ona, funga mizigo. Aliurudisha mlango, akaketi juu ya boksi la daftari za zamani za wapiga kura, akamtazama Mama Tangazo kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Naomba hizo karatasi," alisema.

Mama Tangazo akamjibu kwamba hazitoi. Madiwani walikuwa wanakaa saa nane mchana ule kulipitisha jalala, naye angeziweka zote mbili mezani kwao.

"Chini ya ukurasa pameandikwa mhariri ni nani?"

"Mimi."

"Jina langu mimi halipo popote. Basi nenda ukawaambie kwamba jarida lako lina sura mbili, halafu ukae usikilize watamfunga nani."

Mama Tangazo hakuwa mgeni wa mambo ya ofisi ile. Alijua, kama walivyojua wote waliokunywa chai ndani ya jengo lile, kwamba jalala lilikuwa limepangiwa uwanda wa juu, ubavuni mwa shamba la Katibu. Kisha likahama kimya kimya mpaka bondeni, kama limeota miguu. Alimwambia hivyo usoni.

Katibu hakukasirika. Alitoa simu, akaiweka gotini, akaeleza taratibu kwamba kutoka na waraka wa faili bila ruhusa ni wizi wa kumbukumbu za serikali, na kituo cha polisi kiko hatua mia mbili. Achague yeye.

Hapo ndipo Mama Tangazo alipokosea. Alimfikiria binti yake aliyekuwa darasani wakati ule, akafikiria mama yake akiletewa habari ya pingu, akazitoa. Katibu akazichukua karatasi zote mbili. Ya faili aliirudisha kwenye faili, polepole, kwa sababu alikuwa na kazi nayo. Ile ya nyumbani aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Kisha akatoa bahasha.

Ilikuwa barua ya kumsimamisha kazi. Mama Tangazo aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye tarehe, akairudia. Barua ilikuwa imeandikwa juzi. Juzi hata yeye mwenyewe hakuwa amejua kwamba ataingia stoo.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Watu wa bondeni wana midomo. Wewe una kiburi. Nilijua mtakutana." Katibu alinyanyuka, akajipangusa vumbi. "Acha ufunguo wa ofisi kwa mlinzi."

Rafu aliyowekea nakala za akiba ilikuwa tupu alipopita kuchukua mkoba wake. Hata vumbi lilikuwa limefutwa.

* * *

Nje, kwenye ngazi za jengo, palikuwa na watu kama ishirini kutoka bondeni. Hawakuwa wanapiga kelele. Walikuwa wamesimama tu, na kusimama kwao kulikuwa kubaya kuliko kelele.

Mbele yao alikuwa Mkunga, mama wa makamo mwenye mabega ya mbeba magunia. Nusu ya bonde limezaliwa mikononi mwake. Hata binti wa Mama Tangazo alizaliwa pale, usiku ambao mto ulifurika na hospitali haikufikika.

"Shikamoo, Mama," alisema Mama Tangazo.

Mkunga hakuipokea. Aliiacha ikae pale katikati yao mpaka kila mtu akaiona.

Akaanza kusema, na kila neno lake lilikuwa na uzito wa jiwe. Alisema chemchemi ile ndiyo anayooshea watoto wanapotoka tumboni. Alisema kwa miaka kumi na moja walimwamini mwanamke huyu, akiandika kwamba chanjo ni Jumanne, walibeba watoto Jumanne, akiandika kwamba maji yatakatika, walijaza ndoo. Safari hii ndipo alipofunga mdomo.

"Mikono hii ndiyo iliyompokea mwanao," Mkunga alimaliza. "Leo umetuuzia taka."

Mama Tangazo akajieleza. Akasema hakuandika, akasema yapo matoleo mawili, moja la wananchi na jingine la faili. Mzee mmoja nyuma akauliza yako wapi. Akasema amenyang'anywa. Mwingine akacheka, kicheko kikavu, akasema mwizi naye huwa ameibiwa.

Mkunga alitema mate. Hayakumgusa Mama Tangazo, yalianguka kidole kimoja mbele ya kiatu chake. Wakampisha apite, kila mmoja akivuta nguo yake pembeni asiguswe naye.

Mwingine angekwenda nyumbani kulia. Mama Tangazo alikwenda kwa mchapaji.

* * *

Halmashauri huchapisha kila kitu mahali pamoja, kwenye karakana ndogo nyuma ya maghala ya nafaka, na mwenye karakana ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ndani kulinuka wino na gundi. Mashine ilikuwa inatema kadi za harusi, na Shemeji alikuwa anazipanga bila kuinua macho.

"Sikukuita, shemeji," alisema kabla hajasalimiwa.

Alimwomba azime mashine. Hakuizima. Basi Mama Tangazo akafuata waya hadi ukutani, akaichomoa mwenyewe. Ukimya ulioingia ulimkera Shemeji kuliko tusi.

Mwanzoni alikana kila kitu. Alisema Toleo la 131 alilichapa mara moja, nakala mia nane kama kawaida, basi. Mama Tangazo akamwambia kwamba ile herufi "r" iliyovunjika mguu, inayotokea kwenye mashine hii peke yake, ipo kwenye tangazo la jalala. Hilo alikuwa ameliona stoo kabla Katibu hajaingia. Miaka kumi na moja ya kusahihisha kurasa humfundisha mtu mengi.

Shemeji akaketi juu ya rundo la karatasi. Akavuta kitambaa, akaanza kufuta mikono iliyokuwa imeshakauka.

Alisema ndiyo, alichapa tena. Nakala kumi na mbili tu. Wiki mbili baada ya zile za wananchi kutoka. Aliletewa ukurasa wa nne mpya, akaambiwa ni masahihisho ya mhariri.

"Na nani?"

Aliendelea kufuta mikono.

"Shemeji, nakuuliza na nani. Katibu?"

"Katibu hajawahi kukanyaga hapa." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake hayakuwa na huruma, yalikuwa na hasira ya mtu anayelazimishwa kusema alichotaka kuzikwa nacho. "Aliyeleta ni mume wako. Kaka yangu. Alikuja na greda la halmashauri analoendesha, akaliegesha hapo nje, akanipa ukurasa kwenye bahasha ya kwako ya kazini. Ningekataaje?"

Mama Tangazo alishika ukingo wa mashine. Ulikuwa bado na joto.

Shemeji, sasa alipofunguka, hakujua tena pa kufungia. Akasema kaka yake ameahidiwa usimamizi wa jalala, kazi ya kukaa, na nyumba ya halmashauri juu yake. Amechoka kuchonga barabara akirudi na vumbi mpaka kwenye meno. Akasema tena kwamba anamlaumu yeye, Mama Tangazo, kwa sababu mwanamume hapewi nyumba na Katibu kama nyumbani kwake kuna amani. Na akamaliza kwa kusema kwamba akiulizwa mbele za watu, yeye hajasema neno.

Nakala zilizobaki za toleo la kwanza? Vijana wa ofisini walipita jana na gunia, wakazoa zote.

Mama Tangazo akaichomeka mashine tena, akatoka. Kadi za harusi zikaendelea kutoka nyuma yake.

* * *

Sasa nikuulize, msomaji. Ukiambiwa kwamba anayekulalia kifuani ndiye aliyekuchimbia shimo, utafanya nini kwanza? Wengi wangemtafuta mume. Mama Tangazo alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro, madiwani wangekaa saa nane. Mume angesubiri. Mume ana miguu miwili, jalala lina siku moja.

Alisimama kando ya barabara akapiga hesabu ya kichwani. Ile nakala ya faili haikuwa na haja ya kuibwa, kwa sababu Katibu mwenyewe angeipeleka ukumbini kuwaonyesha madiwani kwamba tangazo lilitoka. Kilichotakiwa ni nakala moja tu ya wananchi. Mia nane zilitoka. Haiwezekani zote ziwe zimezolewa.

Aliingia duka la kwanza. Mwenye duka alikuwa ametumia jarida kufungia chumvi, na yaliyobaki yalikuwa ya toleo la 129. Duka la pili hapakuwa na hata moja. La tatu, la vifaa vya ujenzi, aliliona kwa macho yake: rundo chini ya kaunta, na juu yake namba 131.

Aliomba moja. Muuzaji akaanza kuichomoa, kisha akamtazama vizuri, akamtambua. Habari za bondeni zilikuwa zimeshafika.

"Karatasi zangu zinafunga misumari," alisema, akilisukuma rundo ndani zaidi kwa mguu. "Hazifungi watu."

Alimsihi. Akamwambia ni kwa ajili ya chemchemi. Muuzaji akamjibu kwamba saruji yote anayouza inanunuliwa na halmashauri, na mlango uko pale alipoingilia.

Ni ile ratiba ya chanjo ndiyo iliyomkumbusha. Kila mwaka akiiandika ratiba ile, kuna mtu mmoja ambaye haiachi. Haifungii chumvi wala haiwashii moto. Huifungua karatasi nzima, akaibandika mahali ambapo kila mama anayeingia ataiona. Na ukiifungua karatasi ile nzima, ukurasa wa nne na ukurasa wa kwanza huwa upande mmoja, ratiba kushoto, namba ya toleo na tarehe kulia.

Mtu huyo ndiye aliyemtemea mate asubuhi.

* * *

Alimkuta Mkunga amekaa na wenzake kwenye kivuli cha ukuta wa halmashauri, wakisubiri kikao. Safari hii hakusalimu.

Akauliza kama ratiba ya chanjo ya mwaka huu ameibandika.

Mkunga akasema hilo linamhusu nini.

Akamweleza. Alieleza kwa kifupi, bila kuomba msamaha na bila kulia, na kila mtu pale akasikia. Karatasi iliyoko kwako ina namba 131. Katibu ataleta karatasi yenye namba 131. Ziwekwe pamoja. Kama zinafanana, nitemeeni tena, safari hii mlenge.

Mkunga alimtazama muda mrefu. Alikuwa na namna ya kutazama iliyozoea kupima mtu anasema ukweli au anaogopa tu maumivu.

"Karatasi yangu hutaigusa," alisema mwishowe. "Nitakwenda mwenyewe. Wewe utakuja nikuone mikono."

Wakapanda pikipiki mbili, Mkunga mbele.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mkunga, sakafu imesuguliwa, kitanda kimoja, beseni mbili zimefunikwa. Ratiba haikuwa ukutani. Ilikuwa upande wa ndani wa mlango, mlango wa mbao nyepesi, imebandikwa kwa gundi ya seremala na kupakwa vanishi juu ili mvuke wa maji ya moto usiiharibu. Namba na tarehe zilisomeka kama zimechapwa jana.

Mama Tangazo alipitisha ukucha pembeni. Karatasi ikaanza kupasuka. Akatoa mkono haraka kama ameungua.

"Nimekwambia usiiguse," alisema Mkunga.

Alikwenda jikoni akarudi na nyundo na msumari mnene. Akaingiza msumari chini ya pini ya bawaba, akapiga. Bawaba ya chini ikatoka kwa mapigo matatu. Ya juu ilikuwa na kutu, ikamchukua muda, na jasho likamshuka mpaka kidevuni. Mama Tangazo akaushika mlango usianguke. Kwa mara ya kwanza siku ile wanawake hao wawili walishika kitu kimoja, lakini usidhani walipatana. Mkunga alimwambia tu kwamba kuna mama mmoja anayemsubiri wiki hii, na kama atajifungulia kwenye chumba kisicho na mlango kwa ajili ya uongo wa mtu, basi mtu huyo atahama bonde na atahama dunia.

Pikipiki hubeba vitanda, mbuzi na masanduku ya maiti. Mlango si kitu. Waliuweka kimkingamo nyuma ya dereva, Mama Tangazo akakaa akiukumbatia, upepo ukiupiga kama tanga, na mara mbili nusura wote waende mtaroni.

* * *

Kikao kilikuwa kimeshaanza walipofika. Mlinzi wa ukumbi akamzuia Mama Tangazo kwa mkono kifuani. Alikuwa na agizo: aliyesimamishwa kazi haingii.

"Mimi hajanisimamisha mtu," alisema Mkunga. "Na mlango huu ni wangu."

Aliunyanyua peke yake, akauweka kichwani, akapita. Mlinzi alibaki akitazama. Hakuwa na agizo lolote kuhusu milango.

Mama Tangazo alibaki kwenye dirisha la pembeni lililo wazi, na kutoka pale aliona yote.

Aliwaona madiwani kwenye meza ya nusu duara. Alimwona Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine shingoni. Alimwona Katibu akiwa amesimama, na mbele yake, wazi juu ya meza, ile nakala ya faili. Alikuwa amefika pale pale alipotaka: tangazo lilitolewa kwa mujibu wa sheria, siku thelathini zimetimia jana, pingamizi hakuna.

Benchi la nyuma, pamoja na madereva wa halmashauri, alikuwapo mume wake.

Mkunga aliutua mlango katikati ya ukumbi, kishindo kikavunja sentensi ya Katibu. Madiwani wawili walianza kucheka. Mwenyekiti akauliza, kwa upole wa mwalimu, ni nini kile.

"Ni Toleo la 131," alisema Mkunga. "La kwetu. Naomba mheshimiwa alisome, na alisome na hilo la mezani."

Mwenyekiti akashuka kutoka kitini. Akabadilisha miwani. Alichukua nakala ya faili, akainama mbele ya mlango, akasoma namba kwa sauti, ya mlangoni kisha ya karatasi. Akasoma tarehe. Akasoma jina la mhariri. Kisha akasoma ukurasa wa nne wa mlangoni, chanjo ya kwanza, chanjo ya pili, na ukurasa wa nne wa karatasi, jalala la taka, eneo la chemchemi.

Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Aliporudi kitini uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema tangazo lililokaa ndani ya faili si tangazo. Siku thelathini hazijaanza hata moja. Jambo la jalala limesimama, vigingi ving'olewe kabla ya jua kuzama, na wakazi wa bondeni watasikilizwa upya kama sheria inavyotaka.

Kutoka kwenye ngazi, watu wa bondeni waliokuwa wakisikiliza walitoa sauti moja nzito. Mkunga hakutabasamu. Aliuegemea mlango wake tu, akavuta pumzi.

Hapo hadithi ingetosha. Lakini Katibu alikuwa bado amesimama, na alikuwa ameanza kunong'ona.

Alimshukuru Mkunga. Alisema amewasaidia sana, kwa kuwa ofisi yake yenyewe ilikuwa inachunguza jambo hilo hilo, na mpaka uchunguzi ukamilike yeye alilazimika kusoma kilichomo kwenye faili. Akafungua faili nyingine, akatoa nakala ya barua, akaomba Mwenyekiti asome tarehe. Juzi. Ofisi ililigundua jarida la sura mbili, ikamsimamisha mhariri siku hiyo hiyo. Je, huo si ushahidi kwamba aliyedanganywa ni ofisi?

Dirishani, Mama Tangazo alielewa hatimaye kwa nini barua iliandikwa mapema. Haikuwa ya kumtoa kazini. Ilikuwa ya kumzika.

Mwenyekiti akaagiza mhariri aingizwe. Mlinzi aliyemzuia sasa alimshika mkono na kumvuta. Akasimamishwa kando ya mlango wa Mkunga, na Mwenyekiti akamuuliza swali moja, akataka jibu moja: ni nani aliyepeleka ule ukurasa wa jalala kwa mchapaji?

Ukumbi ulimngoja. Aliwaza binti yao. Aliwaza kwamba akinyamaza atabeba yeye, na akisema atabeba baba wa mtoto, na kwamba Katibu alikuwa amelipima swali hilo kabla halijaulizwa, ndiyo maana sasa alikuwa akitazama kucha zake.

Kisha akatazama mbao zile nyepesi, mashimo ya bawaba bado meupe.

"Ni mume wangu," alisema.

Watu wote waligeuka nyuma. Dereva wa greda alisimama taratibu. Alikuwa ameshika kofia mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Mama Tangazo aliposikia sauti ile ikikiri, moyo wake uliruka kwa kitu kilichokaribia kuwa shukrani, kwa maana kilichobaki kilikuwa jina moja tu, na mwenye jina alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo.

"Na aliyekutuma ni nani?"

Dereva alihamishia kofia mkono mmoja. Alimtazama Katibu, mara moja, kwa kasi ambayo si kila mtu aliiona. Kisha akainua mkono wenye kofia, akaunyosha mbele, juu ya vichwa vya watu.

"Ni huyo," alisema. "Mke wangu ndiye aliyenituma."

Alisema hivyo akiwa amevaa shati la buluu ambalo mkewe alilipiga pasi asubuhi ile, kola kwanza, kisha mikono.